Je, Kunakili ni Kuiba?



Katika kikao cha wazee wa kanisa kilichofuata Pasaka ya mwaka jana lilitokea jambo ambalo si wengi walilisikia, na waliolisikia wangependa lisahauliwe. Sisi tulikuwapo, na kwa kuwa tumepewa kazi ya kuliandika, hatutalificha.

Mwalimu wa kwaya alileta malalamiko. Kama mjuavyo, kwaya yetu ilirekodi nyimbo kumi mwaka juzi. Fedha za studio zilipatikana kwa taabu: akina mama waliuza maandazi na dagaa wa kukaanga, vijana walifyatua matofali, na mzee mmoja alitoa mbuzi wake. Hata hivyo deni lilibaki, nalo lilitegemewa kulipwa kwa mauzo. Haikupita miezi mitatu, nyimbo zote kumi zikawa zinauzwa katika vibanda vya karibu na stendi ya Nyegezi na kule Buzuruga. Unampa kijana simu yako au fleshi, unampa na shilingi mia tano, naye anakujazia nyimbo za kwaya pamoja na za dansi na taarabu ambazo hukuziomba. Kwaya haikupata hata senti moja. Mwalimu alikuwa ameandaa barua kali ya kupelekwa polisi, na nakala kwa Ofisi ya Hakimiliki. Ilitaja wizi, uharamia na dhambi. Wazee walitikisa vichwa kukubali, na mwenyekiti akatoa kalamu atie sahihi.

Hapo binti anayetuchapia barua za ofisi aliomba kusema neno. Aliamkia kwanza, kama alivyolelewa. Kisha akasema, "Wazee wangu, barua hii nimeichapa kwa programu ya wizi. Kompyuta yetu ni ya namna hiyo tangu ilipoletwa. Fundi aliipiga window kwa shilingi elfu kumi na tano. Leseni hakutupa, maana hata yeye hakuwa nayo."

Kimya kikatanda. Mzee mmoja akauliza programu ni kitu gani, na itaibwaje ikiwa haishikiki. Mwingine akanung'unika kwamba binti huyu ana maneno mengi. Mwenyekiti akairudisha kalamu mfukoni. Mwishowe tukaambiwa sisi, kwa kuwa tumestaafu ualimu na hatuna kazi (hivyo ndivyo walivyosema), tulichunguze jambo hili na kuliandika katika gazeti letu.

Tuanze na swali la mzee yule, maana lilikuwa swali la haki. Programu ya kompyuta ni maagizo. Yaifaa kompyuta kama karatasi ya nota inavyoifaa kwaya: karatasi haiimbi, lakini bila hiyo sauti ya tatu haijui ianzie wapi. Kuna mtu aliyekaa chini akayaandika maagizo hayo, akakosea, akafuta, akaandika tena, pengine pamoja na wenzake mamia kwa miaka mingi. Ukinunua programu, hukununua jasho lile lote. Umenunua ruhusa ya kuitumia, nayo ndiyo iitwayo leseni. Watu wengi hudhani kuwa wakishaipata sahani au faili, basi mali ni yao, kama vile mtu aliyenunua jembe. La hasha. Aliyenunua kitabu amenunua karatasi na haki ya kusoma. Haki ya kupiga chapa vingine mia hakuinunua.

Sisi wa umri huu tusilaumiwe sana kwa kuchelewa kufahamu. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya hesabu zake zilizofanywa kwa mashine hizo kuvurugika. Tulipomaliza Chuo cha Ualimu Butimba mwaka 1980, mashine kubwa kuliko zote tulizozijua ilikuwa saikolostaili. Tutairudia mashine hiyo baadaye, maana nayo ina kesi yake.

Kuhusu sheria hatuna haja ya kukaa sana, kwa sababu sheria iko wazi kuliko tulivyodhani. Ilikuwapo sheria ya hakimiliki ya 1966. Ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo yazihesabu programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine, na yampa mwandishi haki zake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa COSOTA, ambayo siku hizi ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nayo yagusa wanaotumia kompyuta kuvunja haki za namna hii. Anayefanya biashara ana adhabu kubwa zaidi, lakini asiyefanya biashara naye hakuachwa. Wapo wasemao kwamba sheria yetu haimlindi Mmarekani aliye mbali. Wamekosea. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na nchi zilizomo katika mkataba huo hulindiana kazi za waandishi wao.

Wala sheria hii haikulala kabatini. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wanamuziki wawili, Ambwene Yesaya na Hamis Mwinjuma, zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa sababu nyimbo zao zilitumiwa kuwa miito ya simu bila idhini yao. Kampuni ilikata rufaa, na hatuandiki habari zile kumhukumu mtu. Twataka tu ijulikane kuwa wimbo wa Kitanzania umepimwa mbele ya hakimu na kuonekana kuwa ni mali.

Basi sheria imesema. Lakini Mkristo hapimi mambo kwa sheria ya Serikali peke yake. Zipo sheria zilizowahi kuwa mbaya, na yapo mambo mabaya ambayo hayana sheria. Swali letu ni la amri ya nane (wenzetu Wakatoliki huihesabu ya saba, nao wana sababu zao). Je, anayenakili ameiba?

Tulitembea kuuliza watu. Hoja tuliyoisikia mara nyingi kuliko zote ni hii: mwizi wa ng'ombe humwacha mwenye ng'ombe bila ng'ombe, lakini anayenakili humwacha mwenye mali na mali yake. Mfalme Ahabu alipolitwaa shamba la Nabothi, Nabothi hakuwa na shamba tena, wala uhai. Anayenakili programu hamnyang'anyi mtu. Ni kama kuwasha koroboi kwa koroboi ya jirani: yako yawaka, na yake haikuzimika.

Hoja hii si ya kipumbavu, na wahubiri wanaoipita kwa haraka hawawatendei haki vijana wetu. Ni kweli kuwa kunakili si sawasawa na kuiba ng'ombe. Kama tungelazimika kuchagua jirani, tungemchagua mwenye programu za kunakili kuliko mwenye ng'ombe wa watu. Lakini hebu tulitazame ziwa letu. Samaki wa Nyanza hawana jina la mtu mgongoni. Anayevuta kokoro ufukweni usiku hamwibii fulani wala fulani; amechukua vitoto vya sato ambavyo hakuna aliyevihesabu. Mwambie kuwa anaharibu, atakujibu, "Kokoro langu moja litamaliza ziwa hili?" Naye asema kweli, halitamaliza. Tatizo ni kwamba kila mwenye kokoro anasema hivyo hivyo, kutoka Magu hadi Sengerema, na wote wanasema kweli.

Mtu atatujibu kwamba samaki hupungua na programu haipungui. Naam. Nyimbo kumi za kwaya yetu nazo hazikupungua. Ziko kumi mpaka leo, na zinaimbwa katika daladala za mjini kuliko zamani. Kilichopungua ni kingine. Deni la studio halijaisha, na nyimbo nane mpya ambazo mwalimu alikwisha kuzitunga na kuzifundisha hazijarekodiwa. Zimo katika daftari lake. Hakuna aliyeziiba hizo, wala hakuna atakayezisikia. Hasara ya kunakili mara nyingi haionekani, kwa kuwa iko katika kazi ambayo haikufanyika.

Hoja ya pili ni ya utajiri. "Hao wenye kampuni ni mabilionea, mwalimu. Elfu kumi na tano yangu itawaongezea nini?" Tuseme kwanza kwamba utajiri wa mtu haukuwahi kuwa leseni ya kuingia ghalani mwake. Torati yenyewe hukataza kumpendelea maskini katika hukumu, kama inavyokataza kumpendelea tajiri. Watu husahau nusu moja ya amri hiyo kwa kadiri ya mfuko wao. Tena hao mabilionea hawakuzaliwa nayo. Mwezi wa Februari 1976, Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kuwalalamikia wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakigawiana programu yake bila kumlipa. Wakati huo alikuwa na kampuni changa. Malalamiko yake ukiyatazama kwa makini hayako mbali na ya mwalimu wetu wa kwaya.

Lakini pia haki itendeke pande zote. Nchi tajiri zinazotuhubiria leo nazo zilikuwa na ujana wao. Marekani, kwa sehemu kubwa ya karne ya kumi na tisa, haikuwalinda waandishi wa kigeni. Charles Dickens alikwenda huko mwaka 1842 akalalamika kwamba vitabu vyake vilipigwa chapa na kuuzwa bila yeye kulipwa, na magazeti ya huko yakamwona ni mtu mwenye tamaa. Sheria ya kuwalinda wageni haikupatikana huko mpaka 1891, wakati Wamarekani wenyewe walipokuwa na waandishi wengi wa kuwalinda. Hatusemi hili ili tupate ruhusa. Twasema ili mtu asije akadhani kuwa uharamia ni tabia ya Mwafrika.

Sasa tufike kwenye hoja ya tatu, ambayo ndiyo iliyotunyima usingizi, nayo ni ya umaskini.

Tulikwenda Makoroboi, pale mjini, kwenye kibanda kimoja cha kujaza nyimbo na kupiga programu. Tulikusudia kumhoji mwenye kibanda kwa upole na ikiwezekana kumwonya. Tulimkuta mtu mzima mwenye mvi, na vijana wake wawili. Alipotuona aliinuka. "Shikamoo Mwalimu!" Tulikuwa tumemfundisha darasa la nne kule Ukerewe, mwaka 1984.

Alitupa kiti na soda, akatusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza, kwa heshima ile ya watoto wa zamani. Kisha akasema, "Mwalimu, nakumbuka ulitufundisha kwa zile karatasi za saikolostaili. Zilinukia wino. Mimi nilijulia kusoma kwenye karatasi zile. Je, zile ulimlipa nani?"

Wapendwa, hatukuwa na jibu. Tulikunywa soda.

Tueleze ilivyokuwa, kwa ajili ya walio vijana. Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Sabuni ilikuwa ya kuviziwa, na vitabu vilikuwa adimu kuliko sabuni. Darasa letu lilikuwa na watoto zaidi ya hamsini na kitabu kimoja cha kusoma, nacho kilikuwa cha mwalimu. Mwanzo tulikiandika ubaoni, ukurasa kwa ukurasa, na mtoto aliyekaa nyuma alisoma kwa kukisia. Baadaye tulipata stensili kutoka kwa rafiki wa ofisini. Tulikaa usiku kucha tukachapa kitabu kile kwa taipureta, kisha tukakirudufu. Hatukukata kurasa mbili tatu za kufundishia, jambo ambalo sheria za hakimiliki huliachia nafasi. Tulikirudufu chote, pamoja na picha, ambazo tulizichora vibaya sana kwa msumari.

Je, tumetubu? Tukisema kweli mbele ya Mungu, hatujatubu, na tulipojaribu baada ya kutoka Makoroboi hatukuweza. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya kumi na tatu, alifundisha kwamba mtu aliye katika haja kuu na ya dhahiri akichukua cha mwingine ili aokoke, tendo hilo si wizi kwa maana halisi. Alikuwa akifikiri juu ya mkate. Kitabu si mkate, na mtoto hafi kwa kukosa kusoma. Lakini tuliwaona waliokosa kusoma, na hatuko tayari kusema kwamba hawakufa sehemu.

Hata hivyo, tulipokuwa katika daladala ya kurudi nyumbani, tuliona tofauti ambayo tungepaswa kuitaja pale kibandani. Kitabu kile hakikuwapo. Tuliandika barua mkoani mara mbili, tukavuka kwa meli mpaka Mwanza mjini kukitafuta dukani, fedha ya shule mkononi, tukarudi nayo. Hatukukataa kulipa, hakukuwa na wa kumlipa. Tena hatukukiuza. Yule mwanafunzi wetu anajaza nyimbo za watu wanaopatikana kwa simu, wengine wakiwa hapa hapa mjini, na anapokea fedha ambayo ingekuwa yao. Haja yake ni ya kweli, watoto wake wanakula kutokana na kibanda kile. Lakini hata mwalimu wa kwaya ana watoto.

Na ofisi ya parishi je? Hapa ndipo tulipoona aibu yetu. Bei ya programu ile ya kuendeshea kompyuta ni zaidi ya dola 100 za Kimarekani, na ya kuandikia ni nyingine juu yake. Kwa parishi yetu ni fedha nyingi. Lakini katika kikao hakuna aliyeweza kusema kuwa tuliwahi kuuliza bei tukashindwa. Hatukuuliza kabisa. Fundi alisema elfu kumi na tano, tukafurahi, tukampa na chai. Haja kuu ya Tomaso wa Akwino haikuwapo pale.

Kuna mtu mmoja wa kisiwani Ukerewe ambaye tumemfikiria sana katika kuandika makala hii, naye ni mzee Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapishaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akasubiri. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Tulipokuwa tukifundisha Ukerewe, watu walikuwa bado wakimzungumza. Mtu kama huyu angemwona mharamia wa kazi yake kama mwizi? Pengine angemkumbatia. Kwa miaka 35 msiba wake haukuwa kuibiwa. Msiba wake ulikuwa kwamba hakuna aliyetaka kunakili.

Tulimweleza yule binti wa ofisini fikira hii, tukidhani imeharibu hoja yetu yote. Akajibu kwa ufupi kwamba Kitereza angekuwa ametoa, na anayetoa haibiwi. Kwa kweli ndilo neno. Pale kanisani, shilingi elfu moja iliyomo katika kapu la sadaka na shilingi elfu moja iliyochomolewa katika mkoba wa mama aliyefumba macho kuomba ni noti ile ile. Kilichozitenga ni idhini ya mwenye nayo. Mwalimu Nyerere alipoifasiri Julius Caezar mwaka 1963 hakuhitaji ruhusa ya mtu, kwa kuwa Shakespeare alifariki 1616 na kazi yake imekuwa ya wote. Lakini tafsiri ya Mwalimu mwenyewe, aliyefariki 1999, kwa hesabu ya sheria yetu italindwa mpaka 2049. Si ajabu kwamba yeye aliyetufundisha Ujamaa ana hakimiliki. Kugawana ni kwa hiari; kunyang'anya hakukuwa Ujamaa hata siku moja, ingawa wako waliotumia jina hilo.

Na katika mambo ya kompyuta watoaji wapo, tena wengi. Hili hatukulijua hata kidogo kabla ya kupewa kazi hii. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kuwa ataandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Ufini, alitoa kiini cha ile iitwayo Linux. Na hapa kwetu, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walishirikiana na wenzao wa Sweden wakatoa mwaka 2004 programu ya kuandikia iliyosema Kiswahili, Jambo OpenOffice. Miaka ishirini hivi iliyopita ilikuwapo, ya bure na ya halali, katika lugha yetu wenyewe, na sisi tulikuwa tunampa fundi chai. Siku hizi iko ile iitwayo LibreOffice, nayo pia ni ya bure.

Binti aliiweka katika kompyuta ya parishi mwezi wa Juni, pamoja na Linux. Tusiwadanganye kwamba mambo yalikwenda laini. Matangazo ya Jumapili ya kwanza yalitoka na pambizo upande mmoja, na jina la bwana arusi mmoja likakatika katikati. Kasisi wetu alistahimili. Mhasibu hakustahimili, alisema jedwali zake zimekimbia, na kwa wiki mbili alirudi kwenye daftari la mkono. Mashine ya kuchapia ilikataa kabisa mpaka binti alipokesha nayo. Lakini virusi vilivyokuwa vikila barua zetu kila mwezi havijaonekana tena. Fundi wa zamani amepita mara moja kusalimu, akatutazama kama watu waliookoka.

Yapo ambayo hatukuyamaliza. Kijana mmoja wa parishi hii anajifunza kuchora ramani za nyumba, na programu ambayo waajiri wanaitaka ina bei ambayo baba yake, mvuvi wa Kirumba, hawezi kuilipa kwa msimu mzima. Baadhi ya kampuni huwapa wanafunzi bure, nasi tumemshauri aulize kwanza, jambo ambalo sisi hatukulifanya. Akinyimwa, hatujui tutamwambia nini. Mwanafunzi wa uuguzi anayetoa kopi kitabu kizima katika steshenari kwa sababu maktaba ina nakala moja, naye tunamjua. Anaketi benchi la tatu. Hatutamwita mwizi. Pengine tunakosea, lakini tukimtazama twaiona saikolostaili. Mfanyabiashara mwenye duka la kompyuta, anayeuza mashine mpya na kuijaza programu za wizi ili bei ionekane ndogo, huyo twamwita mwizi bila kigugumizi, hata kama anatoa zaka.

Ndani ya kwaya yenyewe hawakubaliani. Waimbaji kadhaa wamesema nyimbo zao zimefika Geita na Bukoba kwa sababu ya vibanda vile vile, na kwamba mwaliko wa kuimba Geita ulitoka kwa mtu aliyejaziwa nyimbo katika simu yake. Kwao Injili imetangazwa, na atakayelipa ni Mungu. Mwalimu wa kwaya huwajibu kwamba mwenye studio hapokei malipo ya namna hiyo. Tulimwuliza kama angetoa nyimbo zake bure, kama Kitereza. Akafikiri, akasema angetoa mbili. "Lakini niulizwe," akasema.

Barua ya malalamiko imechapwa upya kwa programu ya halali, na mwenyekiti ametia sahihi. Neno uharamia limeondolewa, kwa ombi la mwenyekiti mwenyewe. Tuliipeleka nakala moja kwa mkono Makoroboi. Mwanafunzi wetu aliisoma yote, akafuta nyimbo kumi za kwaya mbele yetu, akatuuliza kama na za kwaya nyingine azifute, na nani atamwambia zipi. Hatukujua.

Kisha akaomba kuitazama simu yetu. Humo mna nyimbo arobaini na tatu, ambazo mjukuu wetu alitujazia mwaka juzi kwa shilingi elfu moja. Thelathini ni za watu walio hai na wanaojulikana, nazo tumezifuta. Kumi na tatu zilizobaki ni za bendi za ujana wetu, zilizorekodiwa enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, na wanamuziki wengi wa wakati ule walipata kidogo au hawakupata kitu. Wengine wamekwisha kufa. Tumemwomba binti atutafutie kama wako wajane au watoto wao ambao tunaweza kuwatumia chochote. Kwa sasa hatujazifuta, na jioni twazisikiliza.